Zahanati Zetu na Mabadiliko ya Tabianchi: Je, Zinyamaze?

Katika robo hii ya mwaka kamati mbili za parokia zimetuletea swali moja kwa maneno tofauti. Ya kwanza ni ya upande wa Kibaha, ya pili ya upande wa Kisarawe, na kila moja inasimamia zahanati. Kamati ya Kibaha iliuliza kwa upole: je, ni halali mganga mfawidhi wetu asimame mbele ya watu na kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi, au kazi yake ni kutibu tu? Kamati ya Kisarawe iliuliza kwa ukali zaidi: muuguzi wetu akisema hadharani kwamba kukata miti kwa ajili ya mkaa kunatuletea maradhi, je, mtu anayesomesha watoto wake kwa mkaa huohuo atarudi tena zahanati kwetu?

Tumeona tujibu maswali haya hapa, ili kamati nyingine zifaidike na ili wafadhili wetu wajue mambo yanayojadiliwa huku. Jibu letu kwa ufupi ni hili: zahanati ina haki na wajibu wa kusema wazi, lakini neno lake litakuwa na uzito pale tu litakapoanzia ndani ya uzio wake wenyewe, litakapotegemea kumbukumbu zake, na litakapoepuka kumbebesha maskini lawama isiyo yake. Tufafanue.

Tunazungumzia nini?

Hali ya hewa ni mvua ya leo na jua la kesho. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30 au zaidi. Dunia inapata joto kwa sababu ya gesi zinazotokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na pia kufyeka misitu. Kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, ukiwa takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi juu ya kiwango cha kabla ya enzi za viwanda.

Tunaposema zahanati "ichukue msimamo wa wazi", hatuna maana ya maandamano wala siasa za vyama. Maana yetu ni kwamba zahanati itamke mbele ya wanaoitegemea kwamba jambo hili linagusa afya zao, ieleze linawagusaje, itaje itakachofanya yenyewe, na iwaambie wenye mamlaka wanachopaswa kufanya.

Wenzetu wamefanya nini?

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwezi Oktoba 2021, kabla ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Glasgow, mashirika zaidi ya 400 yanayowakilisha wahudumu wa afya zaidi ya milioni 45 duniani yaliandika barua ya pamoja kwa viongozi wa nchi. Yalisema kuwa mabadiliko ya tabianchi ni tishio kubwa kwa afya ya binadamu na yakataka hatua zichukuliwe. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mkutano kama huo uliofanyika Dubai, kwa mara ya kwanza siku nzima ilitengwa kwa ajili ya afya.

Nchini Uingereza huduma ya afya ya taifa iliahidi mwaka 2020 kupunguza gesi zake mpaka isiwe na mchango katika kuongeza joto. Kliniki ndogo za mitaa za huko, ambazo ndizo zinazofanana zaidi na zahanati zetu, zilianza kujichunguza. Zikagundua jambo ambalo wengi hawakulitegemea: baadhi ya dawa za pumu za kuvuta kwa mdomo husukumwa na gesi yenye nguvu kubwa ya kuongeza joto kuliko hewa ukaa. Dawa hizo zilikuwa takriban asilimia 3 ya mchango wote wa huduma hiyo. Kliniki nyingi zikawaeleza wagonjwa wao na, kwa wale walioweza kubadilishiwa bila madhara, zikawapa dawa ya unga badala yake. Kwa hiyo zilipozungumza na watu wa mitaa yao, tayari zilikuwa na la kuonyesha.

Kuna mfano wa zamani zaidi. Baada ya utafiti wa miaka ya 1950 kuonyesha kuwa sigara huleta saratani ya mapafu, chama kikuu cha matabibu cha London kilitoa taarifa yake kwa umma mwaka 1962. Wakati huo madaktari wengi wenyewe walikuwa wavutaji. Wengi wao waliacha, na ndipo maneno yao yakapata nguvu mbele ya wagonjwa.

Hapa nyumbani, Wizara ya Afya iliandaa mpango wa taifa wa sekta ya afya kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwa miaka ya 2018 hadi 2023. Tanzania pia ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Ethiopia, Bangladesh na Nepal, zilizoshiriki mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kuimarisha maji na usafi wa mazingira ili vihimili mabadiliko hayo. Kwa hiyo muuguzi wa kijijini anayegusia jambo hili haendi kinyume na waajiri wake. Analisogeza karibu na wananchi jambo ambalo Wizara imekwisha kuliandika.

Zahanati inaona nini?

Mtu anaweza kusema: Dubai na London ni mbali, sisi tuna malaria na kuhara. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu mabadiliko ya tabianchi hayaleti ugonjwa mpya wenye jina lake. Huja kupitia magonjwa yaleyale tuliyoyazoea. Tutazame njia nne.

*Maji yanapopungua.* Mji wa Kibaha na Mlandizi hutegemea maji ya mto Ruvu, na tangu mradi wa Kibamba–Kisarawe uzinduliwe mwaka 2020, mji wa Kisarawe nao unakunywa maji ya Ruvu. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena Oktoba 2022, kina cha mto huo kilishuka na maji yakawa ya mgawo. Maji yakiwa ya mgawo watu huhifadhi katika ndoo, madumu na mapipa. Pipa lisilofunikwa ni makao ya mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi. Mwaka 2019 nchi yetu ilipata wagonjwa wa dengi zaidi ya 6,000, wengi wao jirani zetu wa Dar es Salaam. Wengi wetu tumezoea kwamba mbu huja na mvua, ilhali huyu anaweza kuzaliana hata wakati wa kiangazi, kwa maji tuliyoyahifadhi wenyewe.

*Maji yanapozidi.* Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilipoanza, nchi tayari ilikuwa inapambana na kipindupindu, na mwaka ule waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 40,000. Mvua za mwishoni mwa 2023 na za masika ya 2024 zilileta tena maafa. Tarehe 25 Aprili 2024 Serikali ililiambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki dunia kutokana na mafuriko na maporomoko nchini. Katika mkoa wetu wa Pwani, Rufiji na Kibiti ziliathirika sana. Maji yakifunika vyoo na visima, kuhara hufuata. Barabara ikikatika, mama mwenye uchungu hafiki, na dawa hazifiki.

*Joto linapoongezeka.* Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wanaofanya kazi juani. Lakini joto huumiza pia vifaa. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hata dawa ya oksitosini, ambayo humzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto. Umeme ukikatika siku mbili na jokofu likawa la zamani, muuguzi anaweza kuchoma sindano ambayo kwa macho ni nzima, kumbe nguvu imekwisha. Haya ni maisha ya mama, wala si habari za kwenye vitabu.

*Moshi.* Jiko la kuni ndani ya nyumba isiyo na madirisha huumiza mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka nchini vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Hapa afya na tabianchi hukutana jikoni: jiko linalopunguza moshi hupunguza pia miti inayokatwa.

Na malaria? Hapa tuwe wakweli. Huku Pwani joto linalotosha mbu na vimelea vya malaria limekuwapo siku zote, kwa hiyo kuongezeka kwa joto peke yake hakubadilishi mambo kama kunavyoweza kuyabadilisha katika nyanda za juu zenye baridi. Kwetu kinachosumbua zaidi ni mvua kubadilika: madimbwi kudumu muda mrefu, au msimu wa mbu kuja wakati ambao kampeni ya vyandarua haijaanza. Tena, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini yalishuka kutoka asilimia 18 mwaka 2008 hadi asilimia 8 mwaka 2022, kwa sababu ya vyandarua, vipimo na dawa. Maana yake ni kwamba juhudi za binadamu zina nguvu. Tusimwambie mtu akate tamaa.

Kwa sababu hiyohiyo, mhudumu mkweli hatasema "homa ya mtoto huyu imeletwa na tabianchi". Atasema kuwa hatari imeongezeka, na atasema nini cha kufanya.

Kibaha: afya, shule na shamba katika eneo moja

Wasomaji wetu wa Kibaha wana historia nzuri ya kuegemea. Mwaka 1963 Tanganyika ilikubaliana na nchi za Nordiki kuanzisha mradi wa Kibaha, na mwaka 1970 mradi huo ukakabidhiwa kwa Tanzania ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Waliouanzisha waliweka katika eneo moja shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya. Kituo hicho cha afya ndicho kilichokua na kuwa Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa.

Tunaukumbusha mpango huo kwa sababu una fundisho. Katika miaka ile ya kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, ilieleweka kwamba mganga hawezi kumaliza utapiamlo kwa vidonge kama shamba la jirani yake limekauka. Mganga alitakiwa kuongea na bwana shamba. Tukisema leo kwamba zahanati izungumzie mvua, miti na maji, tunarudi kwenye njia ambayo Kibaha iliijua zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kibaha pia kuna kiwanda cha kutengeneza dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alikitembelea na kuzitaka halmashauri zinunue dawa hiyo. Zahanati yenye orodha ya madimbwi ya kijiji chake na miezi ambayo wagonjwa huongezeka ina hoja ya kupeleka halmashauri: nyunyizeni hapa, na mnyunyizie kabla ya mwezi fulani. Huo nao ni msimamo wa wazi, na hauhitaji kipaza sauti.

Kisarawe: neno gumu la mkaa

Sasa tuje kwa swali la Kisarawe, ambalo ndilo gumu.

Taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa jiji la Dar es Salaam pekee hutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi. Kisarawe ipo mlangoni mwa jiji hilo. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, imeumia kwa miaka mingi kwa ajili ya jiko la mjini. Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya mkaa huweza kumaliza kilo 5 hadi 10 za kuni. Miti ikiisha, vijito hukauka mapema na mmomonyoko huongezeka.

Lakini nani anayechoma mkaa? Katika ziara yetu mjumbe mmoja wa kamati alituambia bila kuficha kuwa bati za nyumba yake, ada za watoto wake, na hata sadaka anayotoa, vyote vimetoka kwenye magunia. "Mkinitaja mimi ndiye mharibifu," alisema, "mtaje na anayepika kwa mkaa wangu ghorofani." Kikao kilinyamaza. Hatukuwa na jibu la haraka, na tunadhani alikuwa na haki.

Tazameni hesabu. Kwa wastani Mtanzania mmoja husababisha chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Mjerumani mmoja ni takriban tani 7. Ni kweli kwamba kwetu upotevu wa misitu ni mzigo wa ziada. Serikali hutaja karibu hekta 470,000 kwa mwaka. Hata hivyo mchoma mkaa wa Kisarawe siye aliyeipasha dunia joto. Zahanati ikisimama na kumfanya yeye ndiye mkosaji, itakuwa imesema uongo, na itakuwa imempoteza mgonjwa. Mke wake atasita kuleta mtoto kliniki. Hasara hiyo ni kubwa kuliko faida ya hotuba.

Je, basi inyamaze? Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Muuguzi anayeona kikohozi cha watoto na visima vinavyokauka, akanyamaza ili asiudhi mtu, hajamsaidia mchoma mkaa. Chanzo chake cha riziki kinakwisha pamoja na miti. Watoto wake ndio wa kwanza kuugua.

Njia ipo katikati, na majirani zetu wa Kilosa, mkoani Morogoro, wameionyesha. Kuanzia mwaka 2012 baadhi ya vijiji vya huko vilitenga sehemu ya misitu ya kijiji kwa ajili ya mkaa, ikagawanywa vitalu vinavyovunwa kwa zamu ili miti ichipue tena, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji kwa ajili ya huduma za jamii. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji nafasi ya kuwa na misitu yao na kuisimamia kwa sheria ndogo. Kwa hiyo muuguzi wa Kisarawe anaweza kusema hivi mbele ya mkutano: "Ndugu zangu, siwaambii muache kula. Nasema tuvune kwa mpango, tuache miti kwenye vyanzo vya maji, na tuwaulize wenzetu wa mjini nao watabadilisha majiko lini." Neno la namna hiyo mchoma mkaa anaweza kulisikiliza hadi mwisho.

Upande wa mjini nao umeanza kuguswa. Serikali ilipiga marufuku matumizi ya kuni na mkaa kwa taasisi zinazopikia watu wengi, na Mei 2024 ikazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kamati zetu zijiandae: soko la mkaa linaweza kupungua, na watu wetu watahitaji kazi nyingine kabla ya siku hiyo.

Zahanati ifanye nini? Hatua nne

*1. Ianzie nyumbani.* Kabla ya kusema na kijiji, kamati na watumishi wapite pamoja kuzunguka zahanati. Je, kuna mapipa yasiyofunikwa? Makopo? Mfereji ulioziba? Taka za plastiki huchomwa kwenye shimo la wazi? Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo hutoa sumu, kwa hiyo sindano na mabomba yake vipelekwe kwenye kichomea taka kinachofaa. Ndugu wa wagonjwa wanapikia wapi, na kwa nini? Jokofu lina kipimajoto, na kinasomwa asubuhi na jioni hata siku za mapumziko? Paa lina mifereji ya kuvuna maji? Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hupokea lita 100,000. Hata tukipoteza sehemu ya tano, zinabaki lita 80,000. Tenki la kutosha linaweza kuokoa chumba cha kujifungulia wakati wa mgawo.

*2. Ihesabu.* Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, na kitabu namba 5 ndicho cha wagonjwa wa nje. Mara nyingi takwimu hupelekwa wilayani na kijiji hakizioni. Tunapendekeza mtumishi achore kwenye karatasi kubwa ya manila miezi 12, na kila mwezi aandike idadi ya waliopimwa na kukutwa na malaria, walioharisha na waliokuja na matatizo ya kifua. Chini yake aandike mvua ilivyokuwa. Asiandike jina la mtu yeyote. Atumie idadi ya waliothibitishwa kwa kipimo, si ya kila mwenye homa, na aandike pia mwezi ambao vipimo viliisha, maana mwezi huo takwimu itadanganya. Mwaka mmoja hautathibitisha chochote kuhusu tabianchi. Miaka mitano itaanza kusema kitu, na hata kabla ya hapo itasaidia kuagiza dawa mapema. Pamoja na karatasi hiyo, ibandikwe taarifa ya msimu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ya vuli na ya masika, kwa lugha nyepesi.

*3. Iseme panapostahili.* Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Mganga mfawidhi aombe nafasi kupitia mwenyekiti wa kijiji, aje na karatasi yake, aseme kwa dakika kumi na aondoke na jambo moja lililokubaliwa. Jambo moja linatosha: kufunika mapipa, kulinda kisima, kupanda miti kuzunguka chanzo. Yanayohitaji fedha ya umma, kama daraja au dawa ya viluwiluwi, yapelekwe kwa maandishi kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kwa mganga mkuu wa wilaya. Na kwa kuwa vijijini kwetu Waislamu na Wakristo ni ndugu wa nyumba moja, tangazo likisomwa kanisani, nakala yake ipelekwe msikitini siku hiyohiyo. Mbu hachagui.

*4. Iseme na walio mbali.* Zahanati yetu ina marafiki katika nchi ambazo ndizo hasa zilizojaza hewa hiyo. Barua ya mwaka ya kamati kwa wafadhili isiwe shukrani na orodha ya mahitaji peke yake. Iwe pia na ushuhuda: mwaka huu mto ulishuka mwezi fulani, barabara ilikatika siku kadhaa, wagonjwa walikuwa hivi. Mfadhili anaweza kuipeleka barua hiyo kwa mbunge wake. Sauti ya muuguzi wa Maneromango inaweza kusikika mahali ambapo sisi hatualikwi.

Neno kwa wafadhili wetu

Ndugu zetu mnaotuchangia, tuna maombi matatu.

La kwanza: fedha za kazi hii zisichukuliwe kwenye fungu la dawa. Tumeona mahali pengine mradi mpya ukija na mabango mazuri huku kabati la dawa likiwa tupu, na wananchi wakaucheka. Tenki la maji, jokofu la nguvu ya jua na kichomea taka ni mahitaji ya tiba kwanza, hata kama yanasaidia mazingira pia.

La pili: msitupime kwa idadi ya miti iliyopandwa siku ya sherehe. Tuulizeni baada ya kiangazi cha pili ni mingapi imebaki hai.

La tatu: tunapoongea na watu wetu kuhusu mkaa, tungependa kuwaambia kwa uhakika kwamba ninyi nanyi mnaongea huko kwenu kuhusu magari, viwanda na ndege. Swali la yule mjumbe wa Kisarawe linavuka bahari, na hatuwezi kulijibu peke yetu.

Kwa kamati: maswali ya kujadili

Tunaomba kila kamati ya parokia yenye zahanati ijadili maswali haya katika kikao kijacho, pamoja na mganga mfawidhi na angalau mjumbe mmoja anayeishi kwa mkaa au kilimo:

1. Katika miaka mitano iliyopita, ni mwezi gani zahanati yetu ilielemewa zaidi, na hali ya mvua ilikuwaje?

2. Umeme ukikatika leo kwa saa 48, chanjo na oksitosini zitakuwa wapi?

3. Ni kitu gani ndani ya uzio wetu tungeona aibu mwanakijiji akituonyesha baada ya hotuba yetu?

4. Nani kati yetu atapoteza kipato tukilinda msitu, na tumemwandalia nini?

5. Ni jambo gani moja tutalisema kwenye mkutano wa kijiji ujao, na nani atalisema?

Tutumieni majibu yenu kabla ya toleo lijalo, hata kama ni ya mistari michache. Kamati ya Kisarawe imekwisha kuanza. Walikubaliana kwamba muuguzi atasema, na kwamba atakayesimama pembeni yake siku hiyo ni yule mjumbe mchoma mkaa, naye apewe nafasi ya kusema yake. Tunadhani wameanza vizuri.